Sura, Sauti na Mashine: Hukumu juu ya Wanawake wa Kazi za Kitaalamu, kutoka Unguja hadi Fizi

0. Utangulizi

Methali ya Kiswahili yaonya kwamba uzuri wa mkakasi ni wa nje, ndani ni kipande cha mti. Maana yake ni wazi: sura si ushahidi wa kilichomo. Hata hivyo, historia ya wanawake waliotangulia kushika mashine mpya katika Afrika ya Mashariki na Kongo ya Mashariki yaonyesha kuwa ushahidi huo uliokataliwa na methali ndio uliotumiwa kuwahukumu mara kwa mara. Mwimbaji alipotia sauti yake katika santuri, aliulizwa habari ya uso wake. Mpiga chapa alipoketi mbele ya taipureta, alipimwa urefu wa sketi yake. Mwanamke wa kompyuta naye amejikuta akijadiliwa umbo kabla ya kazi yake kutazamwa.

Makala haya yanakusudia kufuatilia mfululizo huo na kuonyesha chanzo chake. Mara nyingi hudaiwa kuwa kumpima mwanamke kwa mwonekano wake ni mabaki ya mila za kale, na kwamba elimu na maendeleo yatayafuta yenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha hiyo. Hukumu ya sura ilipamba moto hasa pale chombo kipya, au mji mpya, ulipompa mwanamke kipato kisichopitia mikononi mwa baba wala mume. Kwa hiyo maendeleo ya vyombo peke yake hayawezi kuiondoa. Yaweza hata kuiongezea nguvu. Mifano itatolewa kutoka Unguja, Usumbura, Dar es Salaam na Zaire, kisha itatazamwa kompyuta yenyewe, lugha inayotumiwa kuizungumzia, na mwisho nchi ya Fizi, kuanzia Baraka iliyo ufukweni hadi Bibokoboko iliyo milimani.

1. Unguja, 1928: sauti iliyodaiwa uso

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, katika jamaa ya watu waliopata kuwa watumwa. Katika ujana wake alichuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji, akaifanya taarabu, ambayo katika majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, iwe fani ya Kiswahili inayofahamika kwa watu wa kawaida. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, mwambao na bara. Kwa namna hiyo mwanamke wa Fumba akawa miongoni mwa Waafrika wa Mashariki wa kwanza kuingia katika biashara ya sauti, ambayo wakati huo ilikuwa utaalamu mpya kama kompyuta ilivyokuwa miaka hamsini baadaye.

Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad uliotolewa mwaka 1958, ameihifadhi habari ya mashairi ya kumkejeli. Washindani wake walimkumbusha umaskini aliokuja nao mjini, nguo duni aliyovaa, na kwamba lau si sauti asingepata cha kula. Siti alijibu kwa shairi lake mwenyewe, akasema kwa muhtasari kwamba uzuri wa uso na ubora wa ukoo havimpi mtu thamani, na kwamba ila ya mwanadamu ni kukosa akili.

Mambo mawili yastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni la kiufundi. Gramafoni ni chombo kisichoona. Sindano hupita juu ya santuri na kutoa sauti bila mwili, na msikilizaji wa Mombasa au wa Ujiji hakuwa na njia ya kuuona uso wa mwimbaji. Kama kulikuwa na kazi ambayo sura haikuwa na nafasi ndani yake, ni hiyo. Lakini jamii iliurudisha mwili pale mashine ilipokuwa imeuondoa. La pili ni la wakati. Kejeli zinazokumbukwa ni za siku ambazo sauti ya Siti ilikuwa imekwisha kumpatia jina na fedha, si za siku alipopita na vyungu kichwani. Uso ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kipato.

2. Usumbura, miaka ya 1940 na 1950: cherehani na kodi

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kaskazini-mashariki ya Baraka, Wabelgiji waliendeleza mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Mitaa yake ya Waswahili, hasa Buyenzi, ilikuwa na uhusiano wa biashara, wa ndoa na wa dini na mwambao wa Fizi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika mji huo nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyoitwa kwa Kifaransa foyer social. Humo walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika, kulea watoto na kutunza nyumba. Mashine iliyotengwa kwa mwanamke ilikuwa cherehani. Taipureta, daftari la hesabu na simu ya upepo vilikuwa vyombo vya karani, na karani alikuwa mwanamume. Athari za mgawanyo kama huo zilionekana Kongo pia: mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata mwaka 1964 tu, miaka minne baada ya uhuru. Mwaka 1966 aliteuliwa kuwa waziri.

Mwanamke aliyeishi mjini bila mume alitozwa kodi ya pekee. Katika maandishi ya ofisi aliitwa mwanamke huru, au mwanamke anayehesabiwa kuishi peke yake. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyeichunguza habari hiyo, ameonyesha kuwa kodi hiyo haikutenganisha mjane, mtalaka, mfanyabiashara wa sokoni na kahaba. Ilitosha mwanamke aonekane hana mume. Katikati ya miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi walisimama kuipinga. Malalamiko yao hayakuwa ya fedha peke yake. Walikataa jina lililofichwa ndani ya stakabadhi ile, kwa kuwa kulipa kodi kulikuwa sawa na kukiri kwamba wao ni malaya.

Mfano huu hauhusu uso wala nguo, lakini unaeleza msingi wa yote yaliyofuata. Utawala haukuuliza mwanamke anafanya kazi gani. Ulitazama mwonekano wa maisha yake, ukamhukumu, ukampa jina, kisha jina hilo likatumiwa kumnyang'anya sehemu ya kipato chake.

3. Dar es Salaam, 1968: taipureta na kimini

Uhuru ulifungua ofisi. Katika miaka ya 1960 wasichana waliomaliza shule walianza kuajiriwa Dar es Salaam kama wapiga chapa, wapokea simu na makatibu muhtasi. Idadi yao haikuwa kubwa, lakini walionekana sana, kwa sababu walitembea barabarani wakiwa na mishahara yao katika mji ambao vijana wengi wa kiume walitafuta kazi na kuikosa.

Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni vimini, mawigi, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana. Kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake katika eneo la Kariakoo, yakawashusha katika mabasi na kuwachania nguo, hata polisi wakalazimika kuingilia. Magazeti yalijaa barua za wasomaji. Andrew Ivaska, katika utafiti wake juu ya mji huo, ameonyesha kuwa barua nyingi hazikukomea kwenye vazi. Zilihamia ofisini: kwamba makatibu muhtasi hupata kazi kwa miguu yao badala ya vidole vyao, na kwamba wakubwa huwanunulia nguo. Baadhi ya wanawake walijibu kwa kuuliza kwa nini utamaduni wa taifa ulindwe kwa sketi zao peke yao, ilhali mwanamume aliyevaa suti ya Kizungu hakuambiwa kitu.

Swali hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko walivyodhani waliolidharau. Katika miaka ile ile, serikali hiyo hiyo iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa nguo za kisasa. Kijana wa Kimasai aliambiwa kuwa vazi la wazee wake linaaibisha taifa. Msichana wa Dar es Salaam aliambiwa kuwa vazi la kisasa linaaibisha taifa. Ni dhahiri kuwa kipimo hakikuwa ukale wala ugeni wa nguo. Lililounganisha kampeni hizo ni madai ya wenye mamlaka kuwa na haki ya kuamua miili ya wengine ionekane vipi.

Kasi ya taipureta ilipimika kwa maneno kwa dakika, na makosa yake yalihesabika juu ya karatasi. Kwa hiyo hakukuwa na ugumu wowote wa kumpima mpiga chapa kwa kazi yake. Barua za magazetini zilichagua kipimo kingine.

4. Zaire, 1972: uhalisia uliofumwa Uholanzi

Mwezi wa Oktoba 1971 Kongo ilipewa jina la Zaire, na mwaka 1972 siasa ya uhalisia ya Mobutu ilishika kasi. Majina ya Kikristo yaliondolewa. Wanaume walivishwa abakosti, na wanawake wakaamriwa kuvaa kitenge. Suruali, vimini na mawigi vilikatazwa kwa wanawake, na vijana wa chama cha MPR walikuwa miongoni mwa waliosimamia amri hiyo mitaani. Uganda nayo, chini ya Idi Amin, ilipiga marufuku vimini mwaka huo huo wa 1972.

Mtu aweza kupinga hoja ya makala haya akisema kuwa wanaume nao waliamriwa nguo. Ni kweli, lakini amri hizo hazikulingana. Abakosti ilikuwa sare ya mamlaka. Asiyeivaa alishukiwa siasa yake. Mwanamke aliyevaa suruali alishukiwa mwili wake. Kadhalika dai la uhalisia lina walakini wa kihistoria. Kitenge chenye nta, kilichofanywa alama ya mwanamke halisi wa Zaire, kilitokana na uigaji wa batiki za Java, na kampuni maarufu kuliko zote katika utengenezaji wake, Vlisco, ilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846.

Sheria ilithibitisha yale yaliyoanzwa na vazi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaja mume kuwa kichwa cha nyumba, na ikamtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Mwanamke huyo angeweza kujua kutumia mashine yoyote ya ofisi, lakini hakuweza kujifunga kwa mkataba wa kazi kwa sahihi yake peke yake. Sharti hilo la idhini liliondolewa na marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016.

5. Kompyuta na picha zake

Historia ya kompyuta yenyewe haikuepuka ugonjwa huu. Mashine ya ENIAC ilipoonyeshwa hadharani Marekani mwezi wa Februari 1946, waliokuwa wameipangia hesabu zake ni wanawake sita, wakiwamo Kay McNulty, Betty Jean Jennings na Betty Snyder. Picha zao zilibaki, lakini majina yao hayakutangazwa. Miaka arobaini hivi baadaye, Kathy Kleiman, wakati huo mwanafunzi, aliuliza wanawake wa pichani ni nani. Akajibiwa kuwa ni warembo waliosimamishwa pale ili mashine ipendeze. Sura yao ilikuwa imefuta kazi yao.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1973. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha California, walipohitaji picha ya kujaribia usindikaji wa picha kwa kompyuta, walikata uso na bega la mwanamke kutoka katika gazeti la Playboy la Novemba 1972. Kipande hicho, kilichojulikana kama Lena, kilitumika katika vitabu na makala za kitaalamu kwa karibu nusu karne. Wanafunzi wa kike wa nchi nyingi walijifunza hesabu za fani yao juu ya picha hiyo. Ni kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 tu ndipo chama cha wahandisi wa kompyuta cha IEEE kilipokataa kuipokea katika makala zake.

Afrika ya Mashariki iliingia katika fani hiyo kwa kusitasita. Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zuio hilo likalegezwa hatua kwa hatua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchini Kenya, Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ushahidi mwaka 2008, na mwaka 2010 wanawake waundaji wa programu walianzisha AkiraChix ili kuwafundisha wasichana. Lakini mji huo huo wa Nairobi, uliosifiwa kwa wataalamu wake wa kike, ndio ulioshuhudia mwaka 2014 wanawake wakivuliwa nguo hadharani kwa madai kuwa wamevaa vibaya. Tofauti na Kariakoo ya 1968, safari hii simu za mkononi zilirekodi, na picha zikasambazwa kupitia intaneti. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana kudai haki ya kuchagua vazi lao, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya kuwaadhibu wavuaji nguo ilikuwa imepitishwa. Nchini Uganda ilitiwa sahihi mwaka huo huo sheria dhidi ya ponografia, ambayo umma uliiita sheria ya vimini. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vya msingi.

6. Ushahidi wa lugha

Kiswahili kina jambo la kusema juu ya mada hii. Sarufi yake haitenganishi jinsia. Ngeli ya m-/wa- humchukua mwanamume na mwanamke kwa kiambishi kimoja, na maneno kama fundi, karani, mhandisi na mtaalamu hayana umbo la kiume wala la kike. Kifaransa, kilichotawala ofisi za Kongo, humlazimisha mwandishi kuchagua jinsia katika maneno mengi ya kazi. Mswahili halazimiki.

Lakini uhuru wa sarufi haukuzuia watumiaji kuongeza walichotaka. Husikika fundi mwanamke na mhandisi wa kike, wala haisikiki fundi mwanamume, kwa sababu uanaume huchukuliwa kuwa umo tayari. Upande wa pili, maneno ya kumshutumu mwanamke anayejitegemea ni mengi. Malaya, guberi, na katika Kongo ndumba, hayana wenzi wa kiume wenye uzito sawa. Kwa hiyo haiwezekani kuilaumu lugha. Muundo wake uliacha mlango wazi. Msamiati ulifungwa na historia, na kilichofungwa na historia chaweza kufunguliwa nayo.

7. Kutoka Baraka hadi Bibokoboko

Nchi ya Fizi ilichelewa kupata mashine. Maasi ya 1964 na 1965, kisha miaka mingi ya uasi wa milimani, kisha vita vya 1996 na 1998, viliacha barabara chache na umeme haba. Simu za mkononi, zilizoenea Kongo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ziliwafikia watu wengi ambao hawakuwahi kuona simu ya waya. Redio iliwatangulia. Mwaka 2003 ilianzishwa Bukavu jumuiya ya wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu ya Kusini, AFEM, na Chouchou Namegabe akiwa kiongozi wake. Kazi yao ya kurekodi shuhuda za wanawake waliobakwa ilimpatia tuzo ya kimataifa ya uandishi mwaka 2009. Caddy Adzuba wa Radio Okapi alipewa tuzo ya Prince of Asturias mwaka 2014. Hawa ndio warithi wa Siti: sauti kwanza, na uso baadaye, ikiwa ni lazima.

Bibokoboko, katika milima iliyo juu ya Baraka, inaongeza jambo ambalo miji mikubwa haikulijua kwa kiasi hicho. Huko watu wamehukumiwa kwa sura hata pasipo mashine wala sketi. Katika vita vya Kivu, umbo la pua na urefu wa mwili vimetumika kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani apite na nani asipite. Mwezi wa Oktoba 2021 vijiji vya Bibokoboko vilichomwa, na wakazi wake, Wanyamulenge kwa wingi, wakakimbia. Wabembe nao wamezika watu wao na kuhama vijiji vyao katika machafuko hayo hayo. Hakuna upande usiojua maana ya kuonwa kabla ya kusikilizwa.

Uhusiano wa mambo haya mawili si wa kulinganisha uzito. Kifo na kejeli havipimwi kwa mizani moja. Uhusiano ni wa njia ya kufikiri. Katika yote mawili, anayehukumu hujiondolea taabu ya kuuliza. Aliyezoea kuamua kwa pua kuwa mtu fulani ni adui hatapata shida kuamua kwa suruali kuwa msichana fulani hafai kushika kompyuta ya shule. Na simu ambayo hubeba matusi juu ya kabila ndiyo hiyo hiyo hubeba picha ya msichana iliyochukuliwa bila ridhaa yake. Kongo imeweka sheria: Katiba ya 2006 inadai usawa wa mwanamke na mwanamume, na Sheria ya Mambo ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu unyanyasaji kwa njia ya mawasiliano ya elektroniki. Lakini msichana wa Bibokoboko aliyehamia Baraka, akataka kujifunza kompyuta, yuko mbali na mahakama. Aliye karibu naye ni mwalimu, mzazi, na mwanafunzi mwenzake.

8. Hitimisho

Mifano iliyotolewa inakubaliana katika jambo moja. Uso wa Siti, upweke wa mjane wa Buyenzi, sketi ya mpiga chapa wa Dar es Salaam na suruali ya mwanamke wa Zaire havikuhusiana na kazi zao. Vilitajwa pale kazi zenyewe, au maisha ya kujitegemea, yalipowapa uwezo ambao hapo awali haukuwa mikononi mwao. Mila ilitajwa kama sababu, lakini mila iliyotajwa ilibadilika kila mara, na kwa Zaire ilifumwa ng'ambo.

Fundisho kwa vyuo na shule za Kivu ni la vitendo. Kazi za mashine, kuliko nyingine nyingi, huacha alama zinazopimika: programu hufanya kazi au haifanyi, hesabu hutoka au haitoki, waraka una makosa au hauna. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi kwa alama hizo, na kukataa maneno mengine yote darasani mwake, atakuwa anatekeleza lile Siti alilolisema karibu karne moja iliyopita. Asiyefanya hivyo ajue kuwa kompyuta atakazoletewa, ziwe nyingi kiasi gani, hazitamfanyia kazi hiyo.